Barua ya Utambulisho katika Intaneti

Mtu aliyehamia Kizota, kata ya Jiji la Dodoma ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala na vihenge vya nafaka, akitaka kufungua akaunti benki au kuomba kitambulisho cha taifa, aghalabu huelekezwa kwanza katika ofisi ya serikali ya mtaa wake. Pale mwenyekiti au mtendaji wa mtaa humwuliza anakaa nyumba ya nani, pengine huagiza balozi aitwe athibitishe, kisha humwandikia barua ya utambulisho na kuipiga mhuri. Barua hiyo husema mambo machache tu: jina la mtu, mahali anapoishi, na ofisi inayopelekewa barua. Karani wa benki hamjui mgeni huyo, lakini anaujua mhuri. Wala mgeni hakulazimika kumwachia karani ufunguo wa nyumba yake ili akahakikishe mwenyewe kwamba kweli anaishi Kizota.

Utaratibu huo mkongwe ndio uliofichwa nyuma ya kitufe kinachoonekana siku hizi katika tovuti na programu nyingi, kinachomwalika mtumiaji aingie kwa akaunti yake ya Google, ya Facebook, au ya mtandao mwingine wa kijamii, badala ya kujiandikisha upya. Kukibonyeza ni kazi ya nukta moja. Kukitengeneza nako si kazi ngumu kwa mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kuandika programu. Lakini kukitengeneza kiwe salama kunadai mtu afahamu nani anamshuhudia nani, na mbele ya nani. Asiyefahamu hayo huweza kujenga mlango mzuri wenye kitasa kinachofunguliwa na kila mpita njia.

Neno la siri lina umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mwaka 1961 mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka, na kila mmoja alipewa neno la siri la kulinda mafaili yake. Haukupita muda mrefu. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliyeona muda aliogawiwa haumtoshi, aliiagiza mashine ichape faili lenye maneno yote ya siri, nayo mashine ikatii. Tangu siku hiyo kasoro ya msingi ya neno la siri haijabadilika: ni lazima lifahamike, kwa namna fulani, na yule anayelikagua. Mtu mwenye akaunti 30 ana wakaguzi 30, na kwa kuwa hawezi kukariri maneno 30, hutumia neno moja kila mahali. Mkaguzi mzembe kuliko wote ndiye anayeamua usalama wa akaunti zote.

Katika miaka ya katikati ya 2000 hali ilizidi kuwa mbaya. Tovuti nyingi zilimtaka mtumiaji aandike humo neno la siri la barua pepe yake, ati zimtafutie marafiki katika orodha ya anwani zake. Hiyo ni sawa na kumpa karani ufunguo wa nyumba. Kwa ajili ya kukomesha desturi hiyo, wahandisi wa kampuni kadhaa walitunga kanuni iitwayo OAuth, iliyotolewa mwaka 2007 na kuandikwa upya katika toleo lake la pili la Oktoba 2012. Juu ya toleo hilo ikajengwa, mwaka 2014, kanuni nyingine iitwayo OpenID Connect.

Tofauti ya kanuni hizo mbili ndiyo inayowakosesha wengi, kwa hiyo yafaa ielezwe taratibu. OAuth ni kanuni ya ruhusa. OpenID Connect ni kanuni ya utambulisho. Mkulima aliyehifadhi mahindi ghalani aweza kumwandikia dereva hati ya kuchukua magunia 10. Hati hiyo yamthibitishia mtunza ghala kwamba mwenye mahindi ametoa ruhusa. Haimthibitishii hata kidogo kwamba dereva ndiye mwenye mahindi. Programu inayopokea tokeni ya ruhusa na kusema, "Kwa kuwa mtu huyu anayo, basi ndiye mwenyewe," imemfanya dereva kuwa mkulima. Makosa ya namna hii yametokea mara nyingi, na ndiyo sababu tokeni ya utambulisho ilitengwa na kupewa umbo lake.

Watanzania wengi wamekwisha kupitia zoezi linalofanana na hili bila kuliita kwa jina lake. Kuanzia Mei 2019 hadi mapema mwaka 2020, laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole. Mwenye simu alifika mezani kwa wakala, akataja namba yake ya kitambulisho cha taifa, akabonyeza kidole katika kifaa kidogo, na swali likasafiri hadi kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa: je, kidole hiki ni cha mwenye namba hii? Kampuni ya simu haikuhitaji kuwa na kumbukumbu yake ya vidole vya taifa zima, ilimtegemea shahidi. (Namba yenyewe si siri. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe.)

Hata hivyo zoezi lile lilionyesha pia mahali utaratibu unapoweza kuvuja. Wapo mawakala wasio waaminifu waliomwambia mteja kwamba kidole hakikusoma vizuri, abonyeze tena. Kumbe mbonyezo wa pili ulisajili laini nyingine kwa jina lake, laini ambayo baadaye ingeweza kutumiwa na matapeli. Ndiyo maana wananchi walihimizwa kupiga *106# na kutazama namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, ushahidi ulipitia mikononi mwa mtu wa kati. Pili, tendo moja la mwenye kidole liliweza kutumiwa kwa jambo ambalo yeye hakulikusudia. Kanuni za kuingia kwa akaunti ya mtandao wa kijamii zimejengwa, karibu zote, ili kuziba matundu hayo mawili.

Na ichukuliwe kwamba shule moja ya sekondari Kizota imetengeneza programu ya tovuti ambamo wanafunzi hujifanyia mazoezi ya mitihani na walimu huandika alama. Shule inataka walio na akaunti ya Google waweze kuingia kwa akaunti hiyo. Kabla ya jambo lolote, mtengenezaji huiandikisha programu yake kwa Google. Hupewa jina la utambulisho la programu, ambalo si siri, na neno la siri la programu, ambalo hukaa katika seva ya shule tu. Naye hutaja anwani ambako majibu yatarudishwa. Shahidi hatapeleka jibu kwingine kokote isipokuwa anwani hiyo, kama vile barua ya mtaa inavyotaja ofisi inayopelekewa.

Siku mwanafunzi anapobonyeza kitufe, programu ya shule haimwulizi neno la siri. Hubuni namba ya bahati nasibu, huikumbuka, na kukituma kivinjari cha mwanafunzi kwenda kwa Google kikiwa kimebeba jina la programu, anwani ya kurudi, orodha ya mambo yanayoombwa, na namba ile. Mwanafunzi sasa yuko katika ukurasa wa Google. Ni hapo tu, mbele ya shahidi mwenyewe, anapoandika neno lake la siri, na ni hapo anapoulizwa kama anaridhia shule ijulishwe jina na anwani ya barua pepe yake. Mtu wa kati, tofauti na wakala wa laini, hayuko mezani.

Akiridhia, kivinjari hurudishwa shuleni kikiwa na msimbo mfupi na ile namba ya bahati nasibu. Programu hulinganisha namba iliyorudi na ile iliyoikumbuka. Zikitofautiana, safari hiyo haikuanzia kwenye kivinjari hiki, nayo hukataliwa. Msimbo nao si ushahidi bado. Mtu aweza kuuliza kwa nini ushahidi wenyewe usirudishwe moja kwa moja. Sababu ni kwamba kila kinachopita katika anwani ya kivinjari huacha nyayo: hubaki katika historia ya kivinjari, na kompyuta ya kafe ya intaneti hutumiwa na watu 50 kwa siku. Kwa hiyo kinachopita hadharani ni msimbo unaotumika mara moja tu na ambao, kwa mujibu wa kanuni, haupasi kudumu zaidi ya dakika 10. Seva ya shule huuchukua, huuambatanisha na neno la siri la programu, na kuupeleka kwa seva ya Google kwa njia iliyofungwa ambayo kivinjari hakiioni. Ndipo tokeni ya utambulisho hutolewa.

Programu za simu za mkononi haziwezi kutunza neno la siri, kwa maana kila anayeipakua programu anaweza kuifungua na kulisoma. Kwa ajili yao iliongezwa hila nzuri mwaka 2015. Programu hubuni namba kubwa, huikokotolea muhtasari wa kihisabati ambao haurudishiki nyuma, na kumpa shahidi muhtasari huo mwanzoni. Inapokuja kuubadili msimbo, huitoa namba yenyewe. Aliyeuiba msimbo njiani hana namba hiyo. Siku hizi hila hii hushauriwa itumike hata katika programu zenye seva yake.

Tokeni ya utambulisho ni maandishi mafupi yenye sahihi. Ndani yake mna jina la shahidi, namba ya kudumu ya mtumiaji, jina la programu iliyokusudiwa, saa ya kutolewa, na saa ya kwisha. Swali la mwanafunzi mdadisi ni hili: sahihi ya kompyuta ni kitu gani? Mhuri wa mpira huchongwa na yeyote mwenye kisu kikali, na maandishi ya kompyuta hunakiliwa bila kisu. Sahihi itategemeaje kitu ambacho kila mtu aweza kukikagua lakini mmoja tu aweza kukitengeneza?

Jibu mojawapo lilitolewa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, nalo laweza kuonyeshwa kwa hesabu za kidato cha pili. Twaa namba tasa mbili, 3 na 11. Zao lake ni 33. Punguza 1 kutoka kila moja na uzidishe: 2 mara 10 ni 20. Sasa tafuta namba mbili ambazo zao lake, likigawanywa kwa 20, hubakiza 1. 3 na 7 zafaa, kwa kuwa 21 hubakiza 1. Shahidi hutangaza 33 na 3 kwa watu wote, na kuificha 7. Akitaka kutia sahihi ujumbe ambao ni namba 4, huipandisha 4 kwa kipeo cha 7, apate 16,384, kisha hugawanya kwa 33 na kuchukua baki, ambayo ni 16. Hiyo 16 ndiyo sahihi. Mkaguzi hupokea "4" pamoja na "16". Huipandisha 16 kwa kipeo cha 3, apate 4,096, hugawanya kwa 33, na baki ni 4. Ujumbe na sahihi vimeafikiana. Tapeli akibadili ujumbe kuwa 5 huku akiiacha sahihi ileile, mkaguzi atapata tena 4, na 4 si 5. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi ujumbe 7 wautie sahihi. Watakaopata 28 wamepatia, na kuipandisha 28 kwa kipeo cha 3 kutawarudisha kwenye 7.

Bila shaka mwanafunzi yeyote ataigawanya 33 kuwa 3 na 11 na kuigundua 7 iliyofichwa. Namba zinazotumiwa kwa kazi hii katika intaneti aghalabu zina biti 2,048, yaani tarakimu 617 za kawaida, na hakuna njia inayojulikana ya kuivunja namba kama hiyo kwa kompyuta za leo katika muda wa maana. Aidha kinachotiwa sahihi si maandishi yote, bali muhtasari wake wa kihisabati.

Sahihi ikiwa sahihi, kazi haijaisha, na hapa ndipo programu nyingi za wanafunzi, na za watu wazima pia, huanguka. Barua yenye mhuri halali yaweza kuwa imeandikiwa ofisi nyingine. Mfano wa karibu ni tokeni ya umeme wa LUKU. Zile tarakimu 20 ni halali, zimelipiwa, lakini zimetengenezwa kwa mita moja tu. Jirani akizibonyeza katika mita yake, hukataliwa, na hata mita yenyewe haizikubali mara ya pili. Mtunzi wa mchezo fulani wa simu aweza kuwa na tokeni halali za maelfu ya watu walioingia katika mchezo wake. Akiipeleka mojawapo katika programu ya shule, sahihi itakubali, jina la mwanafunzi litakuwa la kweli, na saa itakuwa haijapita. Kitakachomfichua ni sehemu moja tu, ile inayotaja programu iliyokusudiwa. Programu isiyoisoma sehemu hiyo itamfungulia mtunzi wa mchezo daftari la alama za mwalimu mkuu, ikiwa mwalimu mkuu aliwahi kucheza mchezo huo.

Kosa jingine hufanywa kwa nia njema. Programu hutafuta akaunti ya mwanafunzi kwa anwani ya barua pepe au namba ya simu iliyoletwa na shahidi. Lakini namba ya simu isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine, na anwani ya barua pepe huweza kubadilishwa. Mhitimu wa Kizota aliyeacha laini yake aweza kukuta, baada ya miaka miwili, kwamba mfanyabiashara wa Mpwapwa asiyemfahamu ndiye anayesoma matokeo yake. Kinachopaswa kuhifadhiwa ni jina la shahidi pamoja na ile namba ya kudumu ya mtumiaji, ambayo shahidi ameahidi kutompa mtu mwingine kamwe.

Tatizo lililo zito zaidi kwa shule zetu, hata hivyo, halimo katika hesabu. Limo katika chumba cha kompyuta. Mwanafunzi wa kwanza anaingia kwa akaunti yake ya Google, anafanya mazoezi, kisha anabonyeza "toka" katika programu ya shule na kuondoka. Ametoka shuleni, lakini kwa Google bado yumo. Mwanafunzi wa pili anaketi, anabonyeza kitufe kilekile, na Google, ikimwona mwenzake bado yuko ndani, haiulizi neno la siri. Inamshuhudia mgeni kwa jina la mwenzake. Mtu mmoja ameandika majibu, mwingine amepewa alama. Hata barua pepe za yule wa kwanza ziko wazi. Katika nyumba ambamo simu moja hutumiwa na baba, mama na watoto watatu, jambo hilo hutokea bila ya mtu yeyote kukusudia hila. Tiba yake ni kuzifungua kompyuta za shule katika hali ya faragha ya kivinjari, inayofuta kumbukumbu dirisha linapofungwa, na kuiagiza programu imwombe shahidi adai tendo jipya la mtumiaji kila mara. Si watengenezaji wengi wanaokumbuka agizo hilo, kwa sababu wao hufanya majaribio katika kompyuta ya mtu mmoja.

Lipo pia suala la shahidi kutokuwapo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka katika intaneti duniani kote kwa takriban saa sita kwa sababu ya hitilafu ya mitambo yake yenyewe, na watu waliokuwa na mlango huo mmoja walifungiwa nje ya programu zisizohusiana nayo kwa lolote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Seva iliyomo shuleni ingeendelea kufanya kazi siku hiyo. Shahidi aliye ng'ambo asingefikika. Na mwaka 2018 Facebook ilitangaza kwamba wezi walitwaa tokeni za akaunti ambazo hesabu ya baadaye iliziweka kuwa takriban milioni 30. Tokeni ya ruhusa ni kama noti ya fedha: aliyeishika ndiye anayeitumia, wala haulizwi neno la siri.

Tena wapo wanafunzi wasio na akaunti yoyote. Mitandao mikubwa haiwapokei walio chini ya umri wa miaka 13, shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na wapo wazazi wasiopenda watoto wao waandikishwe huko, nao wana haki. Programu ya shule yenye kitufe cha mtandao wa kijamii pekee imewafungia nje hao wote. Hapana budi pawepo mlango wa pili, wa namba ya mwanafunzi na neno la siri, hata kama ndio ule ule wa zamani wenye kasoro zilizotajwa, na neno hilo lisihifadhiwe jinsi lilivyo bali kwa muhtasari wake tu.

Kuhusu mambo yanayoombwa kwa shahidi, sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka mkusanyaji wa taarifa akusanye zile tu zinazohitajika kwa kazi aliyoitaja. Programu ya mazoezi ya mitihani haina haja ya tarehe ya kuzaliwa, wala orodha ya marafiki, wala picha. Katika hatua ya kuomba ruhusa, maneno mawili au matatu yanatosha, na jina la mwanafunzi shule inalo tayari katika rejista yake.

Mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne na kuondoka Kizota, ruhusa aliyoitoa haiondoki naye. Imebaki katika akaunti yake, kwenye ukurasa wa mipangilio unaoorodhesha programu zote alizowahi kuziridhia. Aghalabu orodha hiyo ni ndefu, na mna michezo aliyoisahau tangu kidato cha kwanza. Kila mstari una kitufe cha kuondoa. Shule kwa upande wake huufuta uhusiano kati ya namba ya shahidi na jina la mwanafunzi, na kuziacha alama katika daftari zilimokuwa.